Wembe, Panga na Kisu Shuleni: Barua za Wasomaji na Majibu

Kila shule zikifunguliwa, barua zinazotufikia huuliza jambo lile lile kwa sura tofauti: kitu gani ni silaha, nani ana haki ya kuamua, na mtoto akipatikana nayo afanywe nini. Safari hii tumezikusanya pamoja. Majina tumeyaacha nje, mitaa tumeitaja.

Binti yangu yuko Gredi ya 5. Jumatatu alirudishwa nyumbani na barua ya mstari mmoja: "Amepatikana na silaha." Silaha yenyewe ni nusu wembe anaochongea penseli. Sheria inasemaje?
*Mama, Umoja*

Pole, Mama. Barua ya mstari mmoja haitoshi, tutaieleza hapa chini. Kwanza sheria.

Kenya haina orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuwa silaha za shuleni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hukitazama kitu pamoja na nia ya aliyekibeba. Kifungu cha 308 kinamhusu mtu aliyekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha amejiandaa kutenda kosa kubwa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 7 hadi 15. Kisu kinachokata vitunguu jikoni ni kile kile kinachoweza kumpeleka mtu kizimbani. Kinachotofautisha ni alikuwa wapi nacho, saa ngapi, na kwa ajili ya nini. Nusu wembe ndani ya kikebe cha penseli haifiki huko. Isitoshe, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 mtoto ambaye hajatimiza miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai yoyote. Kwa hiyo yeyote akikutajia polisi, mwambie hivyo kwa upole.

Hata hivyo shule inaweza kuupiga wembe marufuku, na sisi tunaiunga mkono. Mwangalie mtoto anavyochonga: wembe umevunjwa katikati, una kona mbili kali, na kidole gumba kinausukuma kwa nguvu kuelekea mkono ulioshika penseli. Mti ukiwa mgumu wembe unateleza na kuingia kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali panapotoa damu nyingi. Kisha wembe wenye damu unafutwa kwenye sketi na kupitishwa dawati la pili. Hapo hakuna aliyekusudia ubaya, na bado watoto wawili wamegusana damu.

Ila marufuku lazima iandikwe. "Vitu vyenye ncha" ni maneno mapana mno. Bikari ya hesabu ina ncha, na shule hiyo hiyo inaidai katika seti ya jometri. Waandike "wembe" kwa jina lake, na waweke badala yake: kichongeo kimoja kilichofungwa kwa uzi kwenye dawati la mbele la kila safu, na kopo la maganda. Wewe nenda shuleni uombe mambo matatu kwa maandishi: kanuni aliyoivunja, tarehe kanuni hiyo ilipotolewa kwa wazazi, na siku mtoto anayorudi darasani. Kama kanuni haikuwahi kuandikwa, onyo lingetosha. Mpeleke na kichongeo mfukoni.

Mimi ni mwalimu wa zamu katika shule ya bweni. Siku ya kufungua tunakagua mabegi na maboksi ya wanafunzi zaidi ya 400 langoni. Tufanye vipi bila kuvunja haki zao? Na nikikuta kisu, hatua ya kwanza ni ipi?
*Mwalimu, Kasarani*

Mwalimu, ukaguzi unaruhusiwa, lakini Katiba, ibara ya 31, inamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa ovyo, na mwanafunzi ni mtu. Kinachokupa nguvu ni taarifa ya mapema. Fomu ya kujiunga iseme wazi kwamba mizigo hukaguliwa siku ya kufungua na wakati wowote pakiwa na sababu, na mzazi atie sahihi. Asiyejulishwa atalalamika, na atakuwa na haki.

Panga meza mbili, moja ya wasichana na moja ya wavulana, kila moja na watu wazima wawili wa jinsia ile ile. Usikague peke yako hata kama foleni imefika barabarani. Siku pesa zitakapopotea kwenye begi utahitaji shahidi. Mwanafunzi afungue boksi mwenyewe na atoe vitu mwenyewe, kimoja kimoja, wewe ukitazama. Mkono wako usiingie. Sababu si adabu tu: wembe huchomekwa kwenye mshono wa begi na ndani ya mche wa sabuni uliokatwa na kubandikwa tena, na mwalimu anayepapasa ndiye anayekatwa. Tazama soli ya kiatu cha ziada, sehemu ya chini ya boksi iliyowekewa kadibodi, mkebe wa unga wa kakao, na godoro likiwa limefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine.

Mwili wa mwanafunzi usiuguse na usimvue nguo. Mifuko aigeuze nje mwenyewe. Ukiwa na sababu nzito ya kuamini amebeba kitu mwilini, mtenge na wenzake, mwite mzazi na polisi. Hata polisi wanabanwa na sheria: mwanamke hupekuliwa na afisa wa kike, kwa staha.

Sasa kisu. Kikiwa ndani ya boksi mambo ni mepesi: mwambie mwanafunzi arudi nyuma hatua mbili, mwalimu wa pili asogee upande wake, kisha wewe ukichukue kwa kitambaa au karatasi. Kikiwa mkononi mwake, usikinyang'anye. Walimu wengi wanaoumia huumia katika kunyang'anya, kwa sababu mtoto aliyeogopa hukaza ngumi na kurudisha mkono nyuma, na ubapa wa kisu ukiwa ndani ya kiganja chako kano zinakatika. Simama mbali kiasi cha mikono miwili, ukiwa umemwachia njia ya kutokea. Usimfungie mlango kwa mwili wako. Ongea polepole, mtaje kwa jina, mwambie akiweke chini sakafuni, si akupe. Mwalimu mwingine awatoe wanafunzi wengine kupitia mlango wa pili. Akishakiweka, mwombe asogee kuelekea kwako akiache nyuma yake. Asipokubali, toa watu, funga eneo, piga 999 au 112.

Kinachofuata ndipo kesi nyingi huharibika. Kisu hakisafishwi, hakizungushwi ofisini kila mtu akishike. Kiwekwe kwenye bahasha ngumu, ncha ikichomekwa kipande cha kadibodi, bahasha ifungwe na kuandikwa tarehe, saa, mahali, jina la aliyekiona kwanza na sahihi za watu wawili. Ingiza habari hiyo kwenye kitabu cha matukio cha shule siku hiyo hiyo, kwa maneno ya uliyoyaona: "kisu cha mpini mweusi, ubapa sentimita 12, chini ya daftari", wala si "alitaka kuua". Bahasha iingie kwenye kabati la ofisi lenye kufuli. Polisi wakichukua, waandike kwamba wamechukua, nawe uweke nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Picha ya mtoto na kisu chake isiende kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtoto kwa ukali zaidi, na picha hiyo ikishatoka hairudi.

Na kiboko kiacheni. Kila mwanafunzi anapomwinulia mwalimu kisu, wapo wanaotaka kiboko kirudi. Januari 2021, baada ya mwanafunzi huko Kisii kuwachoma walimu wawili, Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, naye alilisema hadharani. Sheria haijabadilika. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili, na mwalimu anayekivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Zaidi ya hayo, maungamo yaliyotolewa kwa kiboko hayana maana mbele ya bodi wala mahakama. Umemchapa, umeipoteza kesi, na mwenye kisu amepata kisasi cha kulipa.

Tumempata mvulana wa Kidato cha 3 na sime chini ya godoro. Wazazi wenzake wanataka aondoke leo. Bodi inaweza kumfukuza mara moja?
*Mjumbe wa bodi ya shule, Dagoretti*

Haiwezi, na anayewahimiza mfanye hivyo anawaingiza hasarani. Kumtoa shuleni leo na kumfukuza ni vitu viwili.

Mwalimu mkuu anaweza kumsimamisha masomo kwa muda ili kuwalinda wengine wakati jambo linachunguzwa. Afanye hivyo kwa barua kwa mzazi, si kwa kumfungulia lango mtoto wa miaka 16 saa kumi na mbili jioni. Barua itaje kosa, kilichopatikana na mahali, siku anayoondoka, siku ya kikao, na kwamba mwanafunzi na mzazi wake watasikilizwa. Akabidhiwe mzazi mkononi, mzazi atie sahihi.

Kumfukuza moja kwa moja ni jambo zito zaidi. Sheria ya Elimu ya Msingi inaliruhusu tu pale njia nyingine zote za kumrekebisha zimekwisha, na baada ya mwanafunzi na mzazi kusikilizwa. Tena inataka mwanafunzi huyo apelekwe kwenye taasisi ya elimu yenye kazi ya urekebishaji. Bodi yenu inapendekeza. Uamuzi unapita ngazi ya kaunti. Ongezeni juu yake ibara ya 47 ya Katiba kuhusu uamuzi wa kiutawala wa haki, na ibara ya 53 inayompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Mawakili wa wazazi huingia mahakamani na karatasi hizo mbili tu: barua isiyotaja kosa, na kumbukumbu za kikao ambamo mtoto hakuwapo. Wakishinda, mwanafunzi hurudi kwa amri ya mahakama, na shule inabaki na gharama za kesi pamoja na mwanafunzi ambaye sasa hakuna anayethubutu kumkanya.

Kwenye kikao chenu, aliyeipata sime asiwe pia mwamuzi. Mshtaki aeleze kwanza, ushahidi uwekwe mezani, kisha mwanafunzi aulizwe: uliipata wapi, uliileta lini, nani mwingine anajua, ulihofia nini. Swali hilo la mwisho hurukwa, nalo ndilo linalofungua mlango. Sime chini ya godoro mara nyingi ni jibu la jambo lililotokea bwenini wiki mbili nyuma: kunyang'anywa chakula, kupigwa na wa kidato cha juu, deni la simu iliyofichwa. Msipoliuliza, mtamtoa mmoja na kuacha sababu ile ile ikimsubiri wa pili. Andikeni majibu yake kama alivyoyasema. Uamuzi utolewe kwa maandishi, wenye sababu, na ueleze mahali pa kukata rufaa.

Akirudi, asirudi mikono mitupu. Pawe na mpango wa muhula mmoja: mwalimu wa ushauri nasaha anamwona siku iliyopangwa kila wiki, analala bweni lililo karibu na nyumba ya mwalimu wa bweni, na kabati lake linakaguliwa akiwapo.

Mwanangu ana miaka 16 na anasoma shule ya kutwa. Nimeona kisu cha jikoni ndani ya begi. Anasema vijana wanawapora simu na pesa pale karibu na daraja alfajiri. Nifanye nini? Nikiambia shule watamfukuza.
*Mama, Kayole*

Mama, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kumfokea. Mtoto aliyekwambia sababu bado anakuamini.

Kwanza ajue hatari iliyopo, kwa maneno ya kweli. Akikamatwa barabarani alfajiri na kisu, polisi hawataliona daraja, wataona kijana na kisu. Kwa miaka 16 anaweza kushtakiwa. Kinga kamili ni ya walio chini ya 12, na wenye miaka 12 hadi kabla ya 14 mahakama huwachukulia kuwa hawakujua baya na jema mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hatapelekwa gereza la watu wazima, na sheria ya 2022 inatoa njia ya kuliondoa shauri la mtoto mahakamani kupitia afisa wa watoto, msamaha wa aliyekosewa au huduma kwa jamii. Lakini akimchoma mtu, mahakama inaweza kumpeleka Shikusa au Shimo la Tewa, taasisi za urekebishaji wa wavulana waliopita umri wa watoto wadogo. Na hatari kubwa kuliko hiyo: yeye ni mmoja, wao ni watatu, na kisu kinachotolewa kwa kutetemeka hunyang'anywa. Kijana aliyekuwa apoteze simu anapoteza uhai kwa kisu cha mama yake.

Kisu kirudishe jikoni leo. Halafu shughulikia njia, maana ukichukua kisu na kuacha daraja lilivyo, kesho atabeba bisibisi.

Mwambie akuchoree njia kwenye karatasi: anatoka saa ngapi, anapita wapi, waporaji husimama upande gani, wangapi, siku gani. Waulize wazazi wa majirani wenye watoto shule hiyo. Utakuta wanne au watano wanapita hapo kila mmoja kivyake kwa dakika 10 za tofauti. Waondoke pamoja, wakati mmoja, kutoka mahali penye taa, mzazi mmoja akiwavusha kwa zamu. Simu ibaki nyumbani au izimwe ndani ya soksi, na nauli igawanywe: ya kwenda mfukoni, ya kurudi kwenye kiatu. Akisimamishwa, atoe. Hakuna simu inayolingana naye.

Nenda kituo cha polisi ukaandikishe uporaji kwenye OB, uchukue nambari. Wazazi watatu wenye nambari tatu za OB za mahali pamoja wana hoja mbele ya chifu na mkuu wa kituo. Mzazi mmoja mwenye malalamiko ya mdomo huambiwa aende, arudi baadaye. Mpe chifu na mwenyekiti wa Nyumba Kumi ule mchoro wa njia.

Shuleni nenda na habari ya daraja, si ya kisu. Mwombe mwalimu mkuu amruhusu kuingia jua likiwa limechomoza, na aandike barua kwa kituo cha polisi kwa niaba ya wanafunzi wote wanaopita hapo. Kwa unavyojua kisu hakijafika shuleni, na umekiondoa. Lakini kama mwanao anataja jina la mwanafunzi anayetaka kumlipizia, hapo badili uamuzi: mwambie mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Kujilinda njiani na kumwinda mtu ni vitu viwili, na kimoja hakingoji.

Barua ya kujiunga na Gredi ya 7 inasema mtoto alete jembe, panga na fyekeo. Vipi shule inayokataza silaha inatuagiza tununue panga?
*Baba, Ruai*

Swali lako ni la haki, Baba. Ardhi ya shule hufyekwa, somo la kilimo linahitaji zana, na shule nyingi zimezoea kumtwisha mzazi. Tatizo si panga kuwapo. Ni panga kukaa mkononi mwa mtoto kati ya lango na bweni, na hakuna aliyelihesabu.

Lifungeni nyumbani: ubapa uviringishwe kwa kipande cha gunia mara mbili, ufungwe kwa kamba ya katani mahali pawili, karibu na mpini na karibu na ncha. Mweleze makanga kabla ya kupanda, liwekwe kwenye buti, na mzazi alibebe mwenyewe mpaka langoni. Hapo likabidhiwe kwa mtunza stoo, si kwa mwanafunzi. Chomeni nambari kwenye mpini wa mti kwa msumari uliokolezwa moto, rangi hufutika.

Shule nayo iwe na daftari: zana ngapi zimetoka, kwa nani, saa ngapi, ngapi zimerudi. Kazi ikiisha, hesabu ifanyike wanafunzi wakiwa bado uwanjani wamesimama kwa mistari. Ikipungua moja, hakuna anayeondoka mpaka ipatikane, hata kama kengele ya chakula imelia. Panga linalokosekana saa kumi jioni huonekana tena usiku wa vurugu. Anayefyeka asimame mita 3 kutoka kwa mwenzake, maana fyekeo huchora nusu duara na likigonga jiwe hurudi lisikotarajiwa. Tungependelea shule inunue zana 30 zake na kuwaondolea wazazi mzigo. Pelekeni pendekezo hilo kwenye mkutano wa wazazi.

Na petroli je? Hakuna aliyeitaja kuwa silaha.
*Mlinzi wa lango, Embakasi*

Na ungeanza nayo. Machi 2001 moto uliowashwa kwa petroli katika bweni la Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Kuchoma jengo kwa makusudi ni kosa linaloweza kuleta kifungo cha maisha chini ya Kanuni ya Adhabu.

Petroli huingia kwenye chupa ya maji ya nusu lita au ya sharubati, mara nyingi ikitupwa juu ya ua na anayelipwa nje. Fungua kila chupa na uinuse ukiwa umeishikilia mbali na uso. Maji hayana harufu, petroli ina harufu kali. Mtungi wa jenereta na wa mashine ya kukata nyasi uwekwe kwenye stoo yenye kufuli, na kiwango chake kiandikwe kila jioni. Na wewe mwenyewe, kila usiku kabla ya kukaa, jaribu milango yote ya bweni kwa mkono: ifunguke kuelekea nje, isiwe na kufuli watoto wakiwa ndani.

Tunaingia mashindano ya drama na ngoma. Wahusika wana bunduki ya mbao, marungu na sime. Ni sawa?
*Mwalimu wa drama, Makadara*

Ni sawa zikibaki kuwa za jukwaani. Bunduki ya mbao ipakwe rangi isiyo ya bunduki, nyekundu au ya manjano, kwa sababu polisi wa doria hana nafasi ya kuikagua akiiona ikitokeza dirishani mwa basi. Sime itengenezwe kwa kadibodi ngumu iliyobandikwa karatasi ya rangi ya fedha. Kwa mtazamaji wa safu ya nne haina tofauti. Rungu libaki la mti mwepesi. Vyote vifungwe kwenye boksi moja lenye orodha ubavuni, mwalimu ashike ufunguo, vigawiwe nyuma ya pazia na kukusanywa kabla ya wahusika kuvua mavazi. Bunduki halisi isiyo na risasi haikubaliki kamwe, hata mzazi mwenye leseni akijitolea kuileta.

Mpwa wangu anasoma Columbus, Ohio. Amefukuzwa kwa kisu kidogo cha kukunja alichosahau kwenye begi baada ya kwenda kuvua samaki. Ndugu yangu anaambiwa Marekani adhabu ni mwaka mmoja, hakuna mjadala. Ni kweli?
*Msomaji, South B*

Ni nusu kweli. Sheria ya shirikisho ya 1994 inayataka majimbo yanayopokea fedha za elimu kutoka serikali kuu yawe na kanuni ya kumfukuza kwa muda usiopungua mwaka mmoja mwanafunzi aliyeleta bunduki au bomu shuleni. Hata hapo, msimamizi mkuu wa shule za eneo anaruhusiwa kupunguza adhabu kwa kuitazama kesi yenyewe. Kisu hakimo katika sharti hilo. Visu huachiwa majimbo na wilaya za elimu, na Ohio inaziruhusu bodi zake kuweka adhabu ya hadi mwaka mmoja kwa kisu. Kuruhusu si kulazimisha. Kwa hiyo ndugu yako asome kitabu cha kanuni cha shule, atafute neno "kisu" na kama urefu wa ubapa umetajwa.

Kuna jambo la kumtia moyo: kesi iliyowapa wanafunzi wa Marekani haki ya kuelezwa kosa na kujieleza kabla ya kusimamishwa, hata kwa siku 10 au chini yake, ilitoka mji huo huo wa Columbus, na Mahakama ya Juu iliiamua mwaka 1975. Adai kikao, apeleke shahidi wa safari ya uvuvi. Na kama mpwa wako ana mpango wa elimu maalumu, shule inaweza kumhamishia mahali pengine kwa silaha kwa siku 45 za masomo tu bila kujali ulemavu wake, na kisu cha mfukoni chenye ubapa usiofika inchi 2 na nusu hakihesabiwi kuwa silaha ya hatari kwa kanuni hiyo. Apime ubapa kwa rula leo, apige picha rula ikiwa kando yake.

Mwenzangu darasani ana kisu na amesema Ijumaa ataona mtu. Nikisema nitaitwa msaliti. Nimwambie nani?
*Mwanafunzi, Mathare*

Sema leo, usingoje Ijumaa. Chagua mtu mzima mmoja unayemwamini, iwe mwalimu wa ushauri nasaha, mwalimu wa darasa au mzazi wako, umwendee wakati ambapo kwenda kwake ni kawaida, kama unapopeleka daftari la kusahihishwa. Mwambie mambo manne: nani, kisu kiko wapi, amesema nini kwa maneno yake, na anayetafutwa ni nani. Mwombe asikutaje, na asimwite mwenzako ofisini mbele ya darasa mara tu ukitoka. Akague darasa zima au safu nzima. Mwalimu, kama unasoma haya, fanya hivyo hivyo.

Ukikosa wa kumwambia, piga 116. Ni nambari ya simu ya watoto, haitozwi hata shilingi, hujibiwa usiku na mchana, na hulazimiki kutaja jina lako. Kisu kikishatolewa, usipige simu kwanza: ondoka hapo, vuta wenzako, kisha 999. Anayetafutwa naye aambiwe na mtu mzima, asikae peke yake chooni wala nyuma ya jengo mpaka jambo liishe.